Kila Tetesi Ina Mwenyewe

Dirisha la wachezaji huru wa NBA, yaani waliomaliza mikataba katika ligi ya kikapu ya Marekani, hufunguliwa Juni 30, saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York. Kwetu Dar es Salaam hiyo ni saa saba usiku, saa ambayo mtu mwenye kazi asubuhi alitakiwa awe amelala fofofo. Wapenzi wa kikapu ninaokaa nao hawalali. Simu zimejaa chaji, bando limenunuliwa mapema, na tangu jioni kila mmoja ana habari aliyopewa na "mtu wa ndani kabisa", utadhani Los Angeles ni Kariakoo.

Kinachochekesha ni kwamba ikifika saa saba na dakika moja, unasikia mkataba wa miaka minne wa dola milioni mia na ushee umeshakubaliwa. Ndani ya dakika moja watu wamesalimiana, wamejadiliana, wamenuniana, wamepatana, na wakala amepata nafasi ya kumpigia mwandishi. Sheria inakataza timu kuzungumza na mchezaji wa timu nyingine kabla ya muda. Tangu 2024 timu inaruhusiwa kuongea na wachezaji wake yenyewe mara tu fainali zinapomalizika, ila wa wenzake lazima isubiri. Inasubiri kama watoto wanavyosubiri futari, macho kwenye sahani na mkono mmoja tayari uko kwenye tende.

Mfano ninaoupenda ni wa Jalen Brunson. Mwaka 2022 alikuwa anamaliza mkataba wake Dallas. Mwanzoni mwa Juni, New York Knicks wakamwajiri kocha msaidizi mpya. Habari ndogo hiyo. Nani anakesha kwa ajili ya kocha msaidizi? Lakini kocha huyo aliitwa Rick Brunson, baba mzazi wa Jalen. Na bosi wa Knicks, Leon Rose, kabla ya kuingia ofisini alikuwa wakala, na mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa huyo huyo Rick. Siku chache kabla ya dirisha, Knicks wakawapeleka Nerlens Noel na Alec Burks Detroit ili kupunguza mishahara. Dirisha likafunguliwa, Brunson akakubali miaka minne kwa dola milioni 104. Baadaye ligi ikachunguza, ikakuta Knicks walianza mazungumzo mapema, ikawanyang'anya nafasi moja ya raundi ya pili kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua wachezaji chipukizi. Adhabu ya kumpata Brunson kwa bei hiyo! Hata mimi ningelipa, na chenji nisingedai.

Tangu hapo nimekuwa na tabia moja. Tetesi ikifika siulizi kama ni kweli. Nauliza nani anafaidika nikiiamini. Swali la kwanza hunipa jibu baada ya wiki mbili, la pili hunipa jibu papo hapo.

Vijana wengi kwenye kijiwe chetu wanadhani mambo haya yalikuwepo tangu mpira ulipoanza kudunda. Hayakuwepo. Zamani mchezaji wa NBA akimaliza mkataba aliendelea kushikiliwa na timu ile ile, apende asipende. Oscar Robertson, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliipeleka ligi mahakamani mwaka 1970, na kesi hiyo ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1976. Hata baada ya hapo timu ziliendelea kuwa na haki ya kumzuia mtu, mpaka mwaka 1988 ndipo mchezaji alipoweza kuondoka bila kuulizwa na yeyote. Wa kwanza alikuwa Tom Chambers, aliyetoka Seattle kwenda Phoenix. Kwa hiyo umbea wetu wote wa kila Julai una mama, na mama yake ni shauri la mahakamani.

Lakini kumwachia mtu aende anakotaka hakumaanishi kuna wa kumlipa. Hapa ndipo mashabiki wengi wanapopotea. Wanajadili moyo wa mchezaji: anapenda jiji gani, rafiki yake anacheza wapi, mke wake katokea wapi, nani kamfuata nani Instagram. Kijiweni kwetu kuna jamaa mmoja mhasibu, ukimwanzishia hadithi za moyo anakukatisha kwa swali moja tu: "Kaka, hela iko wapi?" Watu wanamwona mnoko. Mimi namwona ndiye peke yake anayejua tunachokizungumza.

NBA ina kikomo cha mishahara, kiasi ambacho timu haitakiwi kukivuka inaposajili mtu wa nje. Kikomo hicho kinatokana na mapato ya ligi, na mapato makubwa ni ya televisheni. Kiangazi cha 2016 ulianza kutumika mkataba mpya wa televisheni wa dola bilioni 24 kwa miaka tisa, na kikomo kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94 kwa mkupuo mmoja. Ligi ilitaka kipandishwe kidogo kidogo, chama cha wachezaji kikakataa. Ghafla karibu kila timu ikawa na hela. Ndiyo sababu Kevin Durant aliweza kwenda Golden State, timu iliyokuwa imetoka kushinda michezo 73 katika msimu wa kawaida. Watu bado wanabishana kama Durant alikosa uanaume. Mhasibu wetu anasema mlango ulifunguliwa na televisheni, Durant alipita tu.

Mwaka huo huo mlango ule ule ulimpitisha mtoto wa Lubumbashi. Bismack Biyombo, aliyechaguliwa namba 7 kwenye drafti ya 2011, alikuwa Toronto akilipwa chini ya dola milioni 3. Charlotte walikuwa wamemwacha aende mwaka uliotangulia. Kwenye hatua ya mtoano ya 2016 Jonas Valančiūnas akaumia, Biyombo akaingia, na katika mchezo wa tatu wa fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James akadaka rebaundi 26, yaani mipira iliyokosa kikapu. Ishirini na sita! Alikuwa anatikisa kidole kama Mutombo, Mkongo mwenzake aliyemtangulia NBA, ukumbi mzima umesimama. Alikuwa na haki ya kuvunja mkataba kiangazi hicho, akauvunja. Orlando wakampa miaka minne, dola milioni 72 kwa taarifa za wakati ule.

Nakumbuka ubishi wa usiku ule. Nusu yetu tulishangilia kwa sababu ni ndugu yetu, anaongea Kiswahili, basi. Nusu nyingine ilisema Orlando wamelewa, huyu hana hata mtupo wa mita tatu. Wote walikuwa na hoja. Alidumu misimu miwili Orlando kabla ya kurudishwa Charlotte kwa tredi, yaani timu kubadilishana wachezaji. Ila hela alilipwa yote, na kwa tabia ya yule bwana haikuliwa peke yake: mwaka 2022, akiwa Phoenix, alitoa mshahara wake wa msimu ili ijengwe hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake.

Nirudi kwa wenye tetesi. Kwa miaka mingi taarifa za NBA zilikuwa zinapita kwa watu wawili, Adrian Wojnarowski na Shams Charania. Wojnarowski aliacha uandishi Septemba 2024 akaenda kusimamia timu ya chuo alichosoma, St. Bonaventure, na sasa ni Shams anayetawala. Watu hawa hawaoti habari. Wanapigiwa simu, na anayepiga simu ana shida yake. Wakala anataka timu nyingine zijue kuna mnunuzi. Bosi anataka mashabiki wajiandae kumpoteza mtu fulani ili siku ikifika wasivunje vioo. Kocha anayetafuta nyongeza ya mshahara anataka mwajiri wake asikie anatakiwa kwingine.

Kiangazi cha 2024 Lakers walikuwa hawana kocha baada ya kumfukuza Darvin Ham. Kila mtu alikuwa na uhakika kazi ni ya JJ Redick, mchezaji wa zamani aliyekuwa akifanya podikasti na LeBron. Mara ikatoka kwamba wanamtaka Dan Hurley, kocha wa chuo cha Connecticut aliyetoka kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo, kwa dola milioni 70 na miaka sita. Tukabishana siku nne. Wengine walishaanza kupanga mfumo wa Hurley, nani ataanza, nani atauzwa. Hurley akakataa. Redick akapewa kazi aliyokuwa anapewa tangu mwanzo, na Hurley akasaini mkataba mpya mnono na chuo chake mwezi uliofuata. Sisemi alipanga. Nasema tu kwamba katika hadithi ile yote, aliyetoka na kitu mkononi bila kuhama hata mtaa ni yeye.

Huyo Redick, kwa taarifa ya wasiojua, alikuwemo kwenye sakata bora kuliko yote ambayo macho yangu yameona. Julai 2015, DeAndre Jordan alikubali kwa mdomo kuhama Clippers kwenda Dallas. Wakati ule kulikuwa na siku kadhaa za kusubiri kabla ya kuruhusiwa kusaini, na katika siku zile akaanza kusita. Chandler Parsons wa Dallas akaweka mtandaoni kikatuni cha ndege: nakuja. Redick, wakati huo mchezaji wa Clippers, akaweka gari. Blake Griffin akaweka ndege, helikopta na gari kwa pamoja. Paul Pierce, mzee wa watu, akaweka picha ya roketi iliyopigwa kutoka kwenye skrini ya simu kwa sababu hakujua kukiandika kikatuni chenyewe. Kundi zima la Clippers likaishia nyumbani kwa Jordan, Houston. Griffin akatuma picha ya kiti kilichoegemezwa mlangoni, yaani hatoki mtu. Wakacheza karata mpaka usiku wa manane, muda ukafika, akasaini Clippers. Dallas wakabaki na maumivu, na ligi baadaye ikapunguza siku za kusubiri.

Mtu asiyependa kikapu hawezi kuelewa utamu wa usiku kama ule. Hakuna mpira uliochezwa. Hakuna pointi. Watu wazima, wengine wana wajukuu, tunatazama picha ya kiti.

Tukija kwa makocha, hapo tetesi zina ukatili wake. Angalia waliotwaa ubingwa miaka ya karibuni. Nick Nurse alitwaa na Toronto 2019, akafukuzwa 2023. Frank Vogel na Lakers 2020, akafukuzwa 2022. Mike Budenholzer na Milwaukee 2021, akafukuzwa 2023. Michael Malone na Denver 2023, akafukuzwa Aprili 2025 michezo mitatu tu kabla msimu wa kawaida haujaisha. Siku chache kabla yake Memphis walikuwa wamemfungashia virago Taylor Jenkins ikiwa imebaki michezo tisa. Phoenix wao waliajiri na kufukuza kiasi kwamba Monty Williams, Vogel na Budenholzer wote waliondoka ndani ya miaka mitatu, mmoja kila mwaka. Sisi tuliolelewa na Simba na Yanga tulidhani tumeona kila kitu kuhusu makocha na mizigo yao pale uwanja wa ndege.

Mashabiki husema kocha "amepoteza chumba cha kubadilishia nguo". Huenda. Ila kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana kwa kuwa haina drama: mshahara wa kocha hauhesabiwi kwenye kikomo. Tangu makubaliano mapya ya kazi ya 2023, timu inayotumia sana inabanwa na mistari miwili juu ya ule ambao timu ikiuvuka hutozwa kodi na ligi, na ikivuka mstari wa pili inapoteza karibu kila njia ya kusajili: haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja mkubwa, haiwezi kutuma hela kwenye tredi, haina nafasi ya pembeni ya kusajili mtu kwa bei ya kati. Wachezaji wake wana mikataba ya uhakika. Mmiliki ana hasira, mashabiki wana hasira, na kitu pekee kinachoweza kubadilishwa kesho asubuhi bila kumuuliza mtu ni yule bwana mwenye suti pembeni ya uwanja. Haya ni maoni yangu, lakini naona kadiri sheria ya hela inavyokaza ndivyo makocha watakavyozidi kulala na begi limefungwa.

Tom Thibodeau aliwafikisha Knicks fainali ya Kanda ya Mashariki 2025, mara ya kwanza baada ya miaka 25. Wakatolewa na Indiana katika mchezo wa sita. Juni 3 akafukuzwa. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamemwongezea mkataba. Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, shabiki wa Knicks tangu enzi za Patrick Ewing, mtu mpole, akanipigia simu asubuhi.

"Kijana, umeona walichofanya?"

"Nimeona, mzee. Pole sana."

"Usinipe pole. Niambie wanamleta nani."

Nikawa sina jibu, na Knicks wenyewe walikuwa hawana. Wakaanza kuomba ruhusa ya kuongea na makocha wenye mikataba kwingine: Jason Kidd wa Dallas, Ime Udoka wa Houston, Chris Finch wa Minnesota, na wengine. Kote wakakataliwa. Kila jina lilipotajwa yule mzee alikuwa anabadilisha imani. Jumatatu Kidd ndiye mkombozi, Jumatano Kidd hafai hata kufundisha shule ya msingi. Mwezi mzima. Mwishowe akaja Mike Brown, mtu ambaye hakuna aliyemtaja ule usiku wa kwanza. Mzee akasema, "Huyu nilimjua tangu zamani," akanyamaza kidogo, "aliwahi kuwa na LeBron." Ndivyo shabiki anavyojipanga upya, na siwezi kumcheka kwa sababu nami nilikuwa natafuta takwimu za Brown za Sacramento wakati huo huo.

Kuna siku tetesi zote hulala. Februari 2, 2025, Jumapili, kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi na watu wako kwenye chai. Shams akaandika kwamba Dallas wamempeleka Luka Dončić Lakers na kumchukua Anthony Davis. Jibu la kwanza kijiweni lilikuwa kwamba akaunti imedukuliwa. La pili pia. Mchezaji wa miaka 25 aliyeifikisha timu fainali miezi minane nyuma, auzwe usiku, bila mnada, bila fununu hata moja? Mabosi wa usajili, Nico Harrison wa Dallas na Rob Pelinka wa Lakers, walikuwa wamelipika wenyewe wawili, wakala wa Luka hakuambiwa, wachezaji hawakuambiwa. Na kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye faida ya kuivujisha, haikuvuja. Tredi kubwa kuliko zote katika kumbukumbu yangu ndiyo pekee ambayo hakuna hata mpiga ramli mmoja aliyeigusa. Mashabiki wa Dallas waliimba Harrison afukuzwe kwa miezi, na Novemba ile akafukuzwa.

Nimesema mengi ya wakubwa. Kwa Mtanzania kuna jina ambalo lilitufundisha upande wa pili wa dirisha hili. Hasheem Thabeet alichaguliwa namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na huo mzaha wa Memphis kumwacha Curry wakamchukua yeye tumeusikia mpaka umechacha. Memphis wakampeleka Houston, Houston wakampeleka Portland, na Julai 2012 akasaini na Oklahoma City kama mchezaji huru. Kwa misimu miwili tulikuwa na mtu wetu kwenye timu ya Durant na Westbrook. Mwishoni mwa Agosti 2014 wakampeleka Philadelphia, Philadelphia wakamwacha ndani ya siku chache, Septemba akachukuliwa na Detroit, Oktoba akaachwa kabla msimu haujaanza. Hakuna aliyekesha kwa ajili yake isipokuwa sisi. Hakukuwa na picha ya kiti. Kwa mastaa ishirini kiangazi ni soko la kujichagulia. Kwa mamia ya wengine ni kukaa karibu na simu na kuomba iite. Waandishi wakubwa huwapa mstari mmoja, wakati mwingine nusu.

Ndiyo maana sakata la Jonathan Kuminga la kiangazi cha 2025 lilinishika kuliko lolote. Huyu ni mtoto wa Goma, mji ulioingia mikononi mwa M23 Januari ya mwaka huo huo, na kama Biyombo alichaguliwa namba 7, ila miaka kumi baadaye. Golden State walikuwa wanamweka na kumtoa. Aprili, mchezo wa mwisho wa msimu, hakuingia kabisa. Kisha Curry, nyota wao, akaumia msuli wa paja kwenye mtoano dhidi ya Minnesota, Kuminga akapewa mpira, na mchezo wa tatu akafunga pointi 30. Mabishano yakaanza: kocha Steve Kerr anamdumaza kijana, Kerr aondoke, hapana, kijana hasikii, aondoke yeye. Kerr ana ubingwa mara nne kama kocha na mkataba wake ulikuwa unaishia 2026, kwa hiyo waliotaka afukuzwe walikuwa wanajifurahisha tu.

Kuminga alikuwa huru kwa masharti. Timu yoyote ingeweza kumpa ofa, lakini Golden State walikuwa na haki ya kulingana nayo na kubaki naye. Nani atafunga hela zake kwa siku kadhaa akingoja jibu ambalo analijua? Na hela zenyewe hazikuwepo. Brooklyn pekee ndio walikuwa na nafasi ya maana chini ya kikomo kiangazi kile, na hawakumtaka. Biyombo alifika sokoni mwaka ambao kila mfuko umetuna, Kuminga akafika mifuko imeshonwa. Jamaa zangu waliopanga Julai nzima kwamba "ataenda Miami, amini nakwambia" hawakumjibu mhasibu hata mara moja alipouliza swali lake.

Kilichobaki ni tredi ya kusaini na kuhama kwa wakati mmoja, ambayo lazima Golden State wenyewe waikubali. Ikaripotiwa Phoenix wako tayari kwa miaka minne na dola milioni 90. Ikaripotiwa Sacramento, miaka mitatu na milioni 63. Ikaripotiwa Golden State wanatoa miaka miwili, milioni 45, na mwaka wa pili uamuzi ni wa timu. Zisome tena taratibu ukiuliza swali langu. Namba za Phoenix zikitoka, Phoenix hawapati kitu, maana zinaonyesha wamemkosa mtu waliyemtaka. Golden State wanaonekana wabahili. Anayependeza hapo ni wakala. Siku tatu baadaye unasoma kwamba Sacramento hawatoi kitu cha maana kwenye tredi yenyewe. Hiyo nayo ina mwenyewe, na sidhani kama ni wakala. Agosti nzima tulikuwa tunasoma barua za watu wawili wanaogombana, zikipitia kwa mwandishi, tukidhani ni habari.

Silaha ya Kuminga ilikuwa moja: kusaini ofa ya mwaka mmoja ya karibu dola milioni 8, ambayo ingempa haki ya kukataa tredi na kumwacha huru kabisa 2026. Mwisho wa kuikubali ulikuwa Oktoba 1. Cam Thomas wa Brooklyn aliichukua ya kwake mapema Septemba. Yule mhasibu akasema Kuminga haichukui, kwa sababu mtu hawezi kuacha milioni 14 kwa mwaka ili tu awakomoe watu. Mimi nilikuwa upande wake, ingawa nilitamani aichukue. Ndiyo, nilitamani. Shabiki ana haki ya kutamani kitu anachojua hakitatokea.

Mwisho wa Septemba, ikiwa imebaki siku moja, akakubali: miaka miwili, hadi dola milioni 48.5, mwaka wa pili uamuzi wa timu. Mashabiki wa Golden State wakaandika kwamba amani imerudi. Kijiweni hatukufika hata jioni. Mkataba wa aina ile hauruhusu mchezaji kuhamishwa mpaka Januari 15, na mshahara wake, milioni 22 na kitu, ni saizi kamili ya kumfuata mtu mkubwa kwenye tredi. Mhasibu alikuwa ameshaandika tarehe hiyo nyuma ya risiti ya chapati, na chini yake majina ya timu sita. Yule mzee wa Knicks akaichukua risiti, akavaa miwani, akauliza mbona New York haimo.